Sura ya Tisa Ina Wenyewe

Nyumba ya Wafanyakazi,
Barabara ya Machinjioni,
Wandarra, Queensland,
Australia.

Jumapili, 18 Juni 2023.
Miaka miwili na nusu tangu niondoke nyumbani Atavuhu.

Mpendwa Mjomba Virambola,

Nakuamkia kwa heshima, mjomba wangu. U hali gani? Goti linakuruhusu kupanda mlima, au bado linakutesa mvua ikinyesha? Mama anaendeleaje na kile kifua chake? Na nguruwe je, wazima? Mimi ni mzima, ila mzima wa kushonwa. Mkono wa kushoto umechanwa kutoka kifundoni hadi karibu na kiwiko, na ubavu umetobolewa. Daktari anasema kisu kilikosa pafu kwa upana wa kidole. Naandika kwa mkono wa kulia, kwa hiyo usishangae ukiona mwandiko ni uleule mbaya wa siku zote.

Najua maneno yamefika huko kabla ya barua. Labda mmeambiwa nimekufa. Labda mmeambiwa nimeua. Sijafa, na sijaua. Nakuomba usome mpaka mwisho kabla hujamruhusu mtu yeyote kushika rungu, hasa mdogo wangu Selwin, ambaye hasira yake hutangulia masikio.

Barua hii anakuletea Moli, yule wa kisiwa cha Ambae tunayelala naye chumba kimoja. Mkataba wake umekwisha. Nimemwambia aiweke mkononi mwako na si mwa mtu mwingine. Kwenye simu nisingeweza, kwa sababu simu huko kwetu mtu huipandia kilimani akapiga kelele, na kijiji kizima kinasikia. Haya si maneno ya kupigia kelele.

Kazi ni ileile. Ng'ombe anaingia kizimbani, anapigwa chuma cha paji la uso, anaanguka, anafungwa mguu na kutundikwa, anakatwa koo, na mnyororo unamleta kwetu nyama bado zikimcheza. Sisi tunachuna na kupasua. Ukichelewa kwa huyu, anayefuata anakugonga mgongoni kwa uzito wake wote. Mwezi uliopita fahali mmoja hakufa sawasawa. Alizinduka akining'inia kichwa chini, akarusha teke, akamvunja taya jamaa mmoja wa Samoa. Meno yaliruka sakafuni. Mnyororo ukasimamishwa, maji yakamwagwa, mnyororo ukaendelea. Jioni vidole vyangu havinyooki, vinabaki vimekunjwa kama bado vimeshika kisu. Na kwa vidole hivyohivyo ndivyo ninavyoandika vitabu.

Kile kitabu cha kwanza nasikia Mama amekiweka chini ya taa ili isiyumbe. Sawa, angalau kinafanya kazi. Watu hudhani mtu akishatoa kitabu amepumzika. Mjomba, hapo ndipo anapoanza kupigwa. Mwaka mzima baada ya kile sikuweza kuandika hata ukurasa. Nilikuwa nikitoka kazini nakaa chumba cha kufulia nguo, kwa sababu ndicho pekee chenye mlango unaofungika, naweka daftari juu ya mashine. Mashine inatetemeka, nami natetemeka nayo, hakuna kitu. Siku moja niliupiga ule mlango ngumi mpaka ukapasuka, na sasa haufungiki tena. Halafu maneno yalipokuja yakaja kama ng'ombe wa mnyororo, hili linalisukuma lile, na ole wako ukichelewa.

Anayeushika huo mnyororo ni Bronwyn, mhariri wangu wa Brisbane, anayeninyooshea Kiingereza changu cha darasa la nane. Ni mama mwema, lakini tarehe zake ni visu. Kitabu cha pili kwanza alikitaka Desemba. Nikashindwa. Akasema Machi. Nikashindwa tena. Akasema mwisho wa Juni, na baada ya hapo hakuna. Hupiga simu saa ya chai, nikiwa na damu hadi viwikoni, na Moli ananishikia simu sikioni huku akicheka mpaka anakohoa.

"Profesa, mkeo wa Brisbane anakugombeza tena! Mwambie umezaa, bado kuoga tu."

"Hilari, mpenzi," Bronwyn anasema upande wa pili, "mashine ya kuchapa imeshapangwa. Ukipita mwisho wa mwezi wanavunja mkataba. Mimi nimekutetea mpaka nimechoka. Unanisikia?"

Nilikuwa nikimsikia. Kilichonikwama kooni ni sura ya tisa.

Kitabu kinamhusu mtu anayewaalika maadui zake kwenye karamu ya amani. Anachomeka jani la mwele, ishara ya mapatano, mlangoni mwa gamali, ile nyumba ya wanaume, ili waamini, waje bila silaha. Wanapoinama kunywa kava, yeye na wanawe wanawapasua visogo kwa marungu, mmoja baada ya mmoja, hadi mtoto wa mwisho aliyekuwa amewafuata baba zake. Kisha analichana lile jani.

Umeshajua ninachosema. Ndiyo, mjomba. Ni mauaji ya majirani zetu wa Lamoru. Na muuaji ni yule wa kwetu, babu wa babu yako.

Bibi alinisimulia vipandevipande akimenya magimbi, na kila mara alimalizia kwa kunipiga kofi jepesi la mdomo: "Hii si ya kwetu. Sisi tuliua, wao ndio wanaosimulia." Nilijua. Kila mtoto wa kwetu anajua kwamba hadithi ina mwenyewe kama shamba lilivyo na mwenyewe, na kwamba walioua Lamoru walipoteza kinywa siku ileile. Lakini huku nimekaa na watu wa vitabu, na wao wana desturi yao. Kwao ukibadilisha majina na kisiwa, hadithi imekuwa yako. Basi nikabadilisha. Nikaunda kisiwa ambacho hakipo. Nikawapa watu majina ya kubuni. Lile jani sikulibadilisha, kwa sababu bila jani hakuna usaliti, na bila usaliti hakuna kitabu.

Hata hivyo sura haikusimama. Niliiandika labda mara kumi. Mwishoni nikamfanya muuaji apige magoti kati ya maiti na kulia. Bronwyn akasema ni nzuri, lakini niliisikia sauti yake. Ilikuwa sauti ya mtu anayesifu chakula cha mgonjwa.

Sasa sikiliza nilivyofanya. Jumamosi huwa tunakaa uani na kava yetu ya unga, nami nawasomea wenzangu nilichoandika, nikikigeuza lugha ya kwetu. Wakisinzia najua kurasa hizo ni za kutupa. Jumamosi iliyotangulia nikasoma sura ya tisa. Manson alikuwepo. Unamjua, ni mtoto wa tatu wa marehemu Bule wa Lamoru, yule mpole ambaye hata kuku huku hampigi teke. Tunasimama naye meza moja kazini, yeye upande ule na mimi upande huu, mwaka wa pili sasa. Nilipofika kwenye jani kuchanwa, watu wote walikuwa kimya. Nikafurahi, mjomba. Nilidhani sura imesimama.

Manson akaweka kifuu chake chini. Akauliza, "Kisiwa hicho kiko wapi?"

"Hakipo. Nimekibuni."

"Na huyo anayelia, naye umembuni?"

"Naye."

Akainuka akaenda kulala. Moli akamtania, "Hadithi ya watu imemwogopesha bwana mkubwa!" Tukacheka. Mimi pia nilicheka.

Jumatatu asubuhi mnyororo ulikuwa umekwishaanza. Nilikuwa nimevua glavu ya chuma ya mkono wa kushoto kuifunga upya. Manson alizunguka meza. Hakukimbia, wala hakutukana. Alikuja kama mtu anayekuja kuazima jiwe la kunolea. Kisu cha kwanza kilipita mkononi, nikaona nyama yangu mwenyewe ikifunguka nyeupe kabla ya kuwa nyekundu, sawasawa na zile ninazofungua kila siku. Cha pili kikaingia ubavuni. Nikashika kulabu iliyokuwa mezani, nikampiga nayo usoni kwa upande wa mpini. Nikamrudia. Pua ikalala shavuni. Tukaanguka wote kwenye mfereji wa damu, damu ya ng'ombe na yetu, akanikaba koo, nami nikamuuma kidole mpaka mfupa. Mizoga ilikuwa inapita juu yetu ikitugonga vichwa, kwa sababu hakuna aliyekumbuka kuuzima mnyororo.

Alikuwa akisema neno moja sikioni mwangu, tena na tena. "Mlituua, sasa mnalia. Mlituua, sasa mnalia."

Walituachanisha watu watano. Msimamizi wetu, Kev, akaja na uso umemwiva.

"Nani kaanza?"

Nilikuwa nimelala chali, Moli amenikandamiza ubavu kwa aproni. Nikasema, "Hakuna. Kisu kimeteleza."

"Mara mbili?"

"Sakafu ina mafuta, bosi."

"Na pua yake je, nayo imeteleza?"

Moli akadakia, "Huyo kaangukia kulabu akimsaidia mwenzake, bosi. Mtu mwema sana huyu."

Kev alitutazama mmoja mmoja. Alijua. Lakini hapa visu huteleza kila wiki, na mtu akiandika ugomvi wa visu, kazi inasimama na wakubwa wanakuja. Akaandika utelezi. Mjomba, usidhani nilisema hivyo kwa wema. Ningemtaja, Manson angerudishwa nyumbani kwa ndege ya kesho yake, uso umevunjwa na jina limechafuka, na angeshuka huko kabla sijaweza kusema lolote. Nani kati ya ndugu zake angengojea maelezo? Nilimwona Selwin akilini, nikaiona njia ile ya kati ya Lamoru na kwetu. Nikafunga mdomo.

Hospitali walinishona, wakanilaza. Jumatano mchana Manson akaja. Pua imefungwa bandeji, kidole kimefungwa, tukatazamana kama majogoo wawili waliokwishanyonyoka. Alikaa kwenye kiti cha wageni. Aliniletea machungwa, akaanza kuyamenya na kuyala yeye mwenyewe.

Nikamwambia, "Umekuja kumalizia?"

"Ningetaka kumalizia ningemalizia. Mimi nachuna ng'ombe mia kwa siku, kwa mtu nisijue pa kuingilia?"

"Basi umekuja kufanya nini?"

"Nimekuja kukwambia ulichokosea." Akatema mbegu mkononi. "Hakulia."

"Nani?"

"Mtu wenu. Hakutoa hata chozi. Ndiyo maana nimekuchoma, si kwa jani tu. Jani ungeniomba radhi, ningekutukana, yangekwisha. Lakini umemfanya alie. Unajua alifanya nini? Alikaa pale pale mlangoni, miguu imeegemea miili, akaagiza viazi vikuu vilivyokuwa vimeokwa kwa ajili ya wageni. Akala mpaka akashiba. Alipomaliza akajifuta mikono kwa nywele za yule mtoto. Sisi tunalijua hilo tangu tukiwa tumboni. Na wewe unakuja kutusomea machozi, tena na kava ukitunywesha."

Kwetu haikuwahi kusemwa. Bibi hakuijua, au aliijua akaimeza.

Manson akasimama. "Sasa umesikia. Sikukupa. Mimi sina kinywa cha kukupa, mwenye nacho ni kaka yangu Rongo. Nimekwambia ili ujue ulivyotudanganyia wafu wetu."

Alipotoka, Bronwyn akapiga. Alikuwa amesikia nimeumia, akalia kidogo, kisha akauliza kuhusu sura ya tisa, kwa sababu kazi yake ndiyo hiyo na simlaumu. Nami nilikuwa na dawa kichwani, nikamwambia. Viazi. Miguu juu ya miili. Nywele za mtoto.

"Hilari," akasema polepole, "hicho ndicho kitabu. Kitabu chote ni hicho. Kiandike sasa hivi."

Nikakiandika, mjomba. Palepale kitandani, mrija mkononi. Kilitoka bila kusukumwa, na nesi alipokuja kunipima sikumsikia akiingia. Nimeandika kwa miaka sita na sijawahi kuandika kitu kama kile. Sikuwa na aibu wakati huo. Nilikuwa na njaa. Nilijiona nimekwishatoka machinjioni, nimekaa mezani kama waandishi wengine, mikono misafi. Nakwambia hivyo kwa sababu wewe ndiye uliyenilea na sina wa kumdanganya.

Kisha nikajiona vizuri. Watu wao wamelala mlangoni, na mimi wa nyumba ileile nimekaa juu yao, nakula.

Sura hiyo sijaituma. Sijaichana pia, nisikudanganye. Nimempelekea Bronwyn kitabu chote, na mahali pa sura ya tisa pana ukurasa mtupu. Akanipigia akiwaka moto.

"Unaniletea mwili hauna moyo! Niwaambie nini?"

"Waambie moyo una wenyewe, naenda kuwaomba."

"Uombe ruhusa ya hadithi ya miaka mia na zaidi? Nani anafanya hivyo?"

"Sisi."

Akakata simu. Siku ya pili akarudi, sauti imepoa. Ameenda kuwapigia magoti wachapaji, wamekubali kungoja hadi mwisho wa Agosti. Nikipita hapo wanavunja mkataba, na hakuna mwingine atakayemshika mtu aliyechelewesha mara nne. Basi nina nafasi moja tu, mjomba, na nafasi hiyo iko Lamoru, mkononi mwa Rongo.

Ninachokuomba ni hiki. Unitafutie dume mmoja wa nguruwe mwenye meno yaliyopinda duara kamili, na wanawake waanze kusuka mikeka myekundu ya fidia. Usimpeleke wewe. Najua desturi inataka mjomba amsemee mpwa wake, na ukinisemea watakusikiliza kuliko mimi. Lakini aliyefungua kinywa kisicho chake ni mimi. Nataka nisimame mwenyewe mbele ya gamali yao, niseme nilichofanya, nimuue yule dume kwa mkono wangu. Wewe simama nyuma yangu tu, ili waone sikutoroka ukoo.

Sitaomba sura tu. Nitaomba waisimulie wao, neno kwa neno, nami niandike wanavyosema, na jina la Lamoru likae pale lilipo kisiwa changu cha uongo. Na muuaji awe na jina lake la kweli. Jina letu. Fikiri juu ya hilo, mjomba, kabla hujatafuta nguruwe. Kama hutaki dunia isome jina la babu zako pale, niambie kwa Moli, kwa maana anarudi tena kazini Julai kwa mkataba mpya. Neno lako litanitosha.

Wakikataa, nitaichoma sura ya tisa mbele yao, na kitabu kitakufa nayo. Nitarudi kwenye mnyororo. Nimeshakaa humo, napajua.

Tafadhali zungumza na Selwin. Mwambie kaka yake amechomwa kisu na mtu mwenye haki ya kukasirika. Haki ya kuchoma hakuwa nayo, lakini ya kukasirika alikuwa nayo. Akienda Lamoru na rungu, atakuwa ameandika sura nyingine mwenyewe, na hiyo nayo watakuja kuisimulia wao.

Manson naye ameomba ruhusa ya kuja nyumbani. Kev ametupa wote wawili, nadhani amefurahi kutuondoa na visu. Bado hatusemezani sana. Jana alikuta nashindwa kufunga kamba za viatu kwa mkono mmoja, akanifungia, akakaza mpaka ikauma, akaenda zake.

Nisalimie Mama, umwambie anitolee kitabu chini ya taa, anisomee hata ukurasa mmoja. Nisalimie shangazi Hilda na macho yake, Vevina na mtoto wake mpya ambaye sijui hata jina, na mzee Patteson wa kanisani. Mungu aliyewaficha nyinyi na majivu ya mlima na vimbunga vya mwaka huu aendelee kuwaweka, na akupe goti la kupandia kilima siku hiyo.

Tutashuka uwanja wa Sara Ijumaa tarehe 4 Agosti, kwa ndege ya asubuhi. Manson atatangulia kutoka, mimi nitakuwa nyuma yake, mikono mitupu. Ndugu zake watakuwepo. Anayetaka kunipiga aachwe anipige. Wewe njoo, mjomba, lakini njoo bila fimbo, na hapo uwanjani usimame upande wao, wajue hakuna atakayelipiza.

Mpwa wako akupendaye na kukutegemea,

Hilari Aru